Kuchagua Ufito

Muhula uliopita mhadhiri wetu alitupa kazi: kila mwanafunzi akusanye istilahi za kazi moja ya mikono, si kutoka kwenye kamusi bali kutoka kinywani mwa mtu anayeifanya. Wenzangu walichagua useremala, ususi, uashi, na mmoja akachagua upishi wa rolex, akatuchekesha darasa zima. Mimi nilichagua uvuvi wa ndoana. Nilimwambia mhadhiri kwamba baba yangu ni mvuvi na anaishi Nakivale, kwa hiyo nisingehangaika kumtafuta mtu wa kuhoji. Huo ulikuwa ukweli, lakini nusu tu.

Nusu ya pili ni hii. Siku chache kabla ya hapo kaka yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Fargo, mji ulioko North Dakota nchini Marekani. Alisema mfanyakazi mwenzake amemzoesha kuvua samaki anayeitwa walleye, na sasa anataka kujitengenezea ufito wake mwenyewe. Kule mtu anaweza kununua ufito mtupu, usio na mpini wala pete za kupitishia uzi, kisha akaufunga kwa mkono wake kadiri anavyopenda. Ameona fito tatu dukani. Amezishika zote, amezirudisha zote. "Muulize Papa," alisema, "lakini usimwambie ni mimi."

Baba na kaka walikuwa hawajazungumza tangu mwaka 2016.

Sisi ni watu wa Baraka, wilayani Fizi, Kivu Kusini. Ziwa Tanganyika liko mlangoni. Baba alivua mikebuka na ndagala tangu akiwa kijana, na kaka alianza kumfuata majini kabla hajajua kusoma. Tulifika Nakivale mwaka 2012. Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo humo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Ukienda sokoni Base Camp utasikia lugha nyingi, lakini nyanya zikishapimwa, bei mara nyingi hutajwa kwa Kiswahili. Baba alipewa kipande cha ardhi cha kulima. Mvuvi akashika jembe. Bahati nzuri, Nakivale si jina la makazi tu, ni jina la ziwa pia: dogo, tulivu, lenye matete, mafunjo na viboko, nalo pamoja na Ziwa Mburo ni sehemu ya ardhioevu inayolindwa kimataifa. Siku ambazo shamba halikumhitaji, baba alikwenda ukingoni na ufito.

Mimi ni binti. Kaka alifundishwa kuchagua ufito, mimi nilifundishwa kupaa magamba. Sikulalamika, kwa sababu hata sikujua kwamba kulikuwa na jambo la kufundishwa. Kwangu ufito ulikuwa mti mrefu wenye uzi.

Mwaka 2016 kaka alikuwa ameshaoa. Faili la wakwe zake lilikamilika, naye akiwa mume wa binti yao akaondoka nao. Faili letu lilikuwa bado. Baba aliamini kwamba tulitoka Baraka pamoja na kama ni kwenda mbele tutakwenda pamoja. Asubuhi basi lilipokuja kuwachukua, mama alilia, mimi nilibeba begi la mtoto, na baba alikwenda ziwani. Baada ya hapo kaka alipopiga simu, mama alimnyooshea baba simu, na baba alisema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka," akatoka nje. Alisema hivyo mara nyingi hata mama akaacha kumnyooshea.

Basi, nilipopokea ule ujumbe, nilikuwa na kazi mbili ndani ya daftari moja.

Kaka alinitumia picha za maandishi yaliyobandikwa kwenye fito zile. Kila moja ilikuwa na urefu kwa futi na inchi, uzito wa chambo unaofaa, na maneno mawili ya Kiingereza: moja la kuonyesha ugumu wa ufito, jingine la kuonyesha unapopindia. Nilijaribu kuyatafsiri kwa kamusi. La kwanza likatoka "nguvu". La pili likatoka "kitendo". Nikaandika: ufito wenye nguvu nyepesi ya wastani na kitendo cha haraka sana. Nilisoma sentensi hiyo kwa sauti chumbani mwangu Mbarara, na mwenzangu wa chumba akauliza kama ni tangazo la dawa.

Jumamosi nikapanda taksi kupitia Isingiro, kisha boda hadi nyumbani. Nilimkuta baba uani. Nilimweleza kwamba chuoni wanataka maneno ya uvuvi. Alinitazama kidogo, akaona fahari pia, nadhani. "Chuoni wanataka kujua kuloba?" aliuliza. Kwetu tunasema kuloba, na ndoana tunaita ndobo. Nikayaandika hayo kwanza.

"Nataka kujua namna ya kuchagua ufito," nikasema.

"Huanzi na ufito. Unaanza na samaki. Ni samaki gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Kaka alikuwa amenieleza: walleye hukaa karibu na sakafu ya ziwa. Macho yake yana utando kwa nyuma unaorudisha mwanga, kwa hiyo huona vizuri kwenye giza na huwinda sana jioni na alfajiri. Chambo chake ni ndoana yenye kichwa kidogo cha risasi, gramu saba hivi. Unaishusha mpaka iguse chini, unainyanyua kidogo, unaiachia, unainyanyua tena, ili ionekane kama kitu kilicho hai. Taabu ni kwamba samaki huyu mara nyingi hapigi chambo kwa nguvu. Hukinyonya tu, akionja si chakula hukitema. Usipohisi wakati huohuo, umemkosa.

Nilimweleza baba yote hayo bila kumtaja samaki kwa jina. "Ni mfano tu wa kitabuni," nikasema.

"Ananyonya kama mtu anayekunywa uji wa moto," alisema baba. Akanyanyuka. "Njoo."

Jirani yetu Mnyankole ana mianzi ya manjano kando ya migomba yake, na humruhusu baba kukata. Tulisimama mbele ya kile kichaka na baba akaanza kugonga mianzi kwa kisu, mmoja baada ya mwingine, kama daktari. Ule wa mwaka huu, alisema, ni maji matupu. Unang'aa, una maganda, ukiugonga unajibu kama boga. Ukiukata leo, kesho umejikunja na kesho kutwa una wadudu. Tafuta wa miaka mitatu au minne, uliopoteza mng'ao, wenye madoa ya ukungu, unaolia kwa sauti kavu. Na uukate kiangazi, wakati mti haujajaa maji.

Kisha akaniambia nitazame pingili. Mafundo yakikaribiana, ufito ni mgumu. Yakiachana sana, utavunjikia katikati. Nilimuuliza kuhusu unene wa ukuta wa mwanzi. Alifurahi kwa swali hilo. Akasema mianzi miwili inaweza kulingana kwa nje, lakini mmoja una ukuta mnene na mwingine mwembamba, na hutajua mpaka uukate kitako na kuutazama tundu. Mnene hustahimili kambale anayekimbilia kwenye matete. Mwembamba ni mwepesi, unakuambia mapema. Akatikisa kichwa akikumbuka mianzi ya milimani, kama ile ya msitu wa Echuya upande wa Kisoro, ambayo rafiki yake mmoja aliwahi kumletea. "Ile inasikia," alisema.

"Inasikiaje?"

Badala ya kunijibu alinikabidhi ufito mkavu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaniambia nifumbe macho na niushike kwenye kitako kwa vidole vitatu. Akaenda kwenye ncha na unyasi. "Nikigusa, sema." Nikasema. Akagusa tena, nikasema tena. Kisha akanipa ufito mwingine, mbichi kidogo, mzito. Nilisubiri. Nilisubiri mpaka nikafumbua macho, nikamwona anasugua ncha kwa unyasi huku anacheka. Sikuwa nimehisi chochote.

"Huo ni kiziwi," alisema. "Hauvunjiki, unaweza kumpiga nao ng'ombe, lakini ni kiziwi. Huu mkavu unasikia kila kitu, ila ukiugonga kwenye ukingo wa mtumbwi unapata ufa, na ufa huo utauona siku samaki mkubwa atakapokuja. Huwezi kupata vyote. Unachagua kasoro unayoweza kuishi nayo."

Usiku huo nilimwandikia kaka na akanijibu kwamba ndivyo hasa wanavyosema kule. Fito za nyuzi za kioo ni nzito na laini, huvumilia mapigo. Za nyuzi za kaboni ni nyepesi na kakamavu, hupitisha hata mguso mdogo hadi kiganjani, na kadiri kaboni inavyokuwa kakamavu zaidi ndivyo inavyoogopa kugongwa. Baba hajawahi kuishika kaboni, lakini alikuwa ameshanieleza tabia yake kwa mianzi miwili na unyasi mmoja.

Jumapili baada ya ibada tuliendelea. Baba alipanga fito tano chini, akaziinua moja moja, akabonyeza ncha dhidi ya ukuta wa nyumba na kuniambia nitazame pindo linaanzia wapi. Ufito wa kwanza ulipinda wote, kuanzia ncha hadi karibu na mkono. Huo ni wa ngege, alisema, maana mdomo wake ni laini na ukimvuta kwa ukali unachanika. Wa pili ulipindia kiunoni. Wa tatu ulipinda kwenye ncha tu, halafu ukakataa.

Hapo ndipo nilipopata maneno niliyokuwa nayatafuta. Baba alisema kuhusu ule wa tatu: "Ncha inanesa, kiuno hakinepi."

Kunesa na kunepa. Nilikuwa nimeyasikia maneno haya maisha yangu yote bila kuyaweka pamoja. Kitu kinachonesa hupinda na kurudi. Kinachonepa huelemewa, kikabaki kimeinama. Ncha ikinesa, inacheza na kile kichwa cha risasi bila kuchosha mkono, na samaki akinyonya chambo hakuti mti mgumu wa kumshtua. Kiuno kisiponepa, ukivuta ghafla nguvu yako inafika kwenye ndoana badala ya kuishia kwenye pindo. Ile sentensi yangu ya "kitendo cha haraka sana" ilikuwa inataka kusema hivyo. Niliifuta.

Baba akanionyesha jambo moja zaidi. Kila ufito una mgongo. Uweke kitako chini, shika ncha kwa kiganja, bonyeza katikati kwa mkono mwingine huku unauzungusha. Utakufuata vizuri, kisha ghafla utaruka na kutulia upande mmoja. Hapo ndipo unapopenda kupindia. Weka alama ya mkaa, na siku zote uushike ukijua upande huo. Usipoujua, siku ya samaki mkubwa ufito utakugeukia mkononi. Nilijaribu. Mara ya tatu uliruka kiganjani mwangu kama kitu kilicho hai, nikapiga kelele, na mama akatoka jikoni kuona kuna nini.

Kwa furaha hiyo nikasahau. Nikauliza, "Na mtu akikaa juu ya barafu, ufito unakuwaje?"

Baba alikuwa anakusanya fito. Hakuacha kukusanya.

"Samaki huyu yuko ziwa gani?" akauliza.

"Victoria," nikasema.

"Victoria kuna barafu?"

Sikujibu. Alizifunga fito kwa kamba, akazisimamisha ukutani, akaingia ndani. Mama alinitazama, nikatazama chini. Nilifikiri nimeharibu kila kitu, na zaidi ya hapo niliona aibu kwa sababu nilikuwa nimemdanganya mtu aliyekuwa ananifundisha. Jioni nilipokuwa nafunga begi langu kurudi Mbarara, alikuja akasimama mlangoni.

"Ziwa lake linaitwaje?" aliuliza.

Nikamwambia kaka huenda kwenye ziwa linaloitwa Devils Lake, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka mjini kwao. Aliniuliza maana yake. Nikasema, ziwa la mashetani. Baba alikunja uso, kwa hiyo nikafanya haraka kumweleza nilichokuwa nimekisoma: wenyeji wa huko, Wadakota, waliliita kwa jina lenye maana ya maji matakatifu, na wageni walipolitafsiri wakakosea. Alifikiri kidogo. "Watu wa chuo muwe waangalifu," alisema.

Kisha akasema, "Mwambie asichukue kile kirefu."

Nilikuwa sijamwambia baba kwamba mojawapo ya fito zile tatu ilikuwa ndefu, futi 7 na inchi 6, wala kwamba ndiyo kaka aliyoipenda zaidi. Nilimuuliza amejuaje.

"Alikuwa ananiona na mirefu. Lakini mimi nasimama ukingoni, lazima nivuke matete. Yeye amekaa mtumbwini, samaki yuko chini ya miguu yake. Mrefu wa nini? Achukue mfupi, mwepesi. Mkono wake wa kulia ulivunjika akiwa na miaka 11, ukaunga umepinda. Kule kuna baridi. Akiinua na kushusha siku nzima, kiwiko kitamuuma." Alinyamaza. "Muulize kama bado unamuuma."

Nilirudi Mbarara na ujumbe huo. Usiku, kutoka chumba changu kilicho karibu na Mto Rwizi, mto unaoshuka kuelekea kwenye maziwa yaleyale ya nyumbani, nilimwandikia kaka kila kitu: kugonga, kubonyeza, kufumba macho na kumwomba mwenzake aguse ncha, kutafuta mgongo. Mwisho nikaandika swali la baba kuhusu mkono. Alama zikaonyesha ameusoma. Jibu halikuja mpaka asubuhi. Lilikuwa la maneno matatu: "Ndiyo. Wakati mwingine."

Alichukua ufito wa futi 6 na inchi 3, wa kaboni, ncha inayonesa na kiuno kisichonepa. Alisema dukani aliomba afumbe macho, na muuzaji, mzee mmoja, alicheka kisha akakubali kuchezea ncha kwa kipande cha uzi. Ulikuwa mwepesi zaidi kati ya ile mitatu, na pia ndio uliokuwa na onyo kwamba usigongwe. Alikubali kuishi na kasoro hiyo.

Nilikabidhi kazi yangu ikiwa na maneno 31. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba ndoana na ndobo zinastahili utafiti zaidi, na akauliza kama "ufito kiziwi" ni istilahi au ni sitiari ya mtoa taarifa. Nimelifikiria swali lake. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na wengi wetu tunaosoma hapa tutakuwa walimu wa somo hilo. Mara nyingi tunaambiwa kwamba lugha yetu imepungukiwa na maneno ya ufundi, kwa hiyo tunakimbilia kuyaunda. Mimi niliunda "kitendo cha haraka sana" wakati neno lilikuwa uani kwetu limeegemezwa ukutani. Kwa hiyo jibu langu kwa mhadhiri ni kwamba ni istilahi. Mtu akisema ufito ni kiziwi, mvuvi mwingine anajua kwa hakika hapaswi kuununua.

Lakini sitaki kumaliza kana kwamba niliyafanya haya kwa ajili ya Kiswahili. Niliyafanya kwa ajili ya watu wawili ambao hawakuwa na neno la kuanzia.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nyumbani kaka alipopiga simu. Mama alizungumza naye, kisha, kwa mazoea ya zamani au kwa kubahatisha, akamnyooshea baba. Baba alikuwa anakwangua fundo la mwanzi. Aliweka kisu chini, akapangusa mkono kwenye suruali, akaichukua simu. Alikaa nayo sikioni muda mrefu bila kusema kitu, nami nikasikia sauti ya kaka kwa mbali ikisema, "Papa? Papa?"

"Mgongo wake," alisema baba, "umeutafuta?"